Kicheko Kilichosoma Vitabu

Baba na mwana wameketi korokoroni. Alfajiri mwana atapigwa risasi kwa kosa la kutaka kumuua Napoleon, na baba amekuja kumuaga. Hawalii. Wanaanza kupiga soga za kijijini kwao. Baba anauliza kama mwanawe anamkumbuka yule jirani mwema, kisha anamwambia kwamba amewaua wanawake wawili. Mwana anashangaa, na baba anasema habari yenyewe ilitoka kwa mmoja wa wale ndugu wa Karamazov. Basi wanaendelea hivyo: jirani lazima alikuwa amepagawa, alikuwa kijana tu, wengine humwita punguani, maskini, alidhalilishwa na kuumizwa, tena inasemekana alipenda kamari. Sauti zao ni za watu waliokaa nje ya nyumba jioni wakingoja chai iive. Hakuna anayecheka, wala hakuna muziki wa kumwambia mtazamaji kwamba hapa sasa acheke.

Asiyemjua Dostoevsky, mwandishi wa riwaya wa Kirusi, husikia mazungumzo ya kawaida, yanayochekesha kidogo kwa jinsi yasivyo na haraka wakati kifo kiko mlangoni. Anayemjua huanza kugutuka kwenye sentensi ya pili, na kufikia ya nne ameshika mbavu, kwa sababu karibu kila wanachosema kimebeba jina la kitabu cha bwana huyo au la mhusika wake. Baba na mwana wamepitia rafu nzima ya maktaba bila kuinuka walipoketi.

Filamu hiyo ni Love and Death ya mwaka 1975. Woody Allen aliiandika, akaiongoza, na yeye mwenyewe akaigiza Boris Grushenko, Mrusi mwoga anayeburutwa vitani. Diane Keaton, aliyefariki Oktoba 2025, aliigiza Sonja, binamu anayependwa na Boris na ambaye kwa muda mrefu moyo wake uko kwingine. Ilipigwa picha Hungaria na Ufaransa, haifiki saa moja na nusu, na mwaka huohuo ilimpatia Allen tuzo ya Dubu wa Fedha katika tamasha la Berlin. Nimeipenda tangu ujana wangu Muthurwa, Nairobi. Ninataka kueleza kwa utaratibu ilivyotengenezwa, maana watu husema inachekesha wakaishia hapo, kana kwamba kicheko huokotwa njiani.

Kwanza niseme tuliikuta wapi. Muthurwa ninayoizungumzia ni ile ya nyumba za reli, safu kwa safu za vyumba vilivyojengwa na shirika la reli enzi za ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi wake, mifereji ya maji na vyoo vikiwa vya wote. Upande mmoja treni, upande wa pili barabara ya Landhies na kelele za kituo cha mabasi cha Machakos. Runinga ilikuwa katika chumba cha mtu mmoja, na watoto wa safu nzima waliketi sakafuni kwake. Hapo ndipo tulipotazama vichekesho vya runinga vya Kenya, Vioja Mahakamani na Vitimbi. Na hapo hapo, miaka baadaye, mwalimu mmoja wa fasihi aliyekuwa jirani yetu alituletea kanda ya video ya Love and Death. Picha ilikuwa imechakaa na ilirukaruka. Mwalimu alikuwa na utaratibu wake: hakueleza lolote mpaka kwanza tucheke au tushindwe kucheka. Mtu akimwuliza, "Mwalimu, hawa mbona wanabishana hivi na hakuna anayepiga mwenzake?" alijibu, "Tazama kwanza, kijana." Kanda ikiisha, ndipo alipotuambia nani alimwibia nani.

Tulicheka mahali ambapo hatukujua chochote kuhusu Warusi. Jambo hilo lilinishangaza wakati ule, na leo naliona kuwa alama ya kwanza ya ufundi wa filamu hii. Mzaha wake umejengwa kwa ghorofa. Ghorofa ya chini ni ya kila mtu: Boris anajificha ndani ya mzinga, mzinga unalipuka, naye anarushwa hadi kwenye hema la majenerali wa Kifaransa na kurudi nyumbani shujaa. Mtoto wa darasa la tatu anaelewa. Ghorofa ya kati ni ya aliyewahi kuona jeshi au uwanja wa mpira. Katikati ya vita, risasi zikivuma, muuzaji anapita kati ya askari akinadi vyakula vya moto. Sisi tuliotoka City Stadium tukiwa na njugu za karatasi mkononi tulipiga makofi. Watu wafe, watu wapone, mchuuzi atapita tu. Kisha tunaonyeshwa vita vilevile kwa macho ya jenerali aliye kilimani, na huko bondeni hakuna askari hata mmoja, kuna kundi la kondoo linalokimbia. Picha hiyo haichukui muda mrefu wala haihitaji maelezo. Ghorofa ya juu ndiyo ya wasomaji, na ngazi ya kuifikia iko wazi kwa yeyote atakayetaka kupanda baadaye. Mimi niliipanda polepole. Nilisoma Vita na Amani ya Tolstoy, iliyotoka kati ya 1865 na 1869, nikamkuta Pierre akibaki Moscow mwaka 1812 na wazo la kumuua Napoleon kwa mkono wake. Nilisimama kusoma nikacheka peke yangu. Kumbe yule mwoga wetu alikuwa amevaa koti la Pierre muda wote.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe ninalotaka kulisema. Dhihaka nzuri ya kitu kikubwa haikibomoi kwanza ndipo ikicheke. Inakiacha kisimame wima, na heshima yake yote, mavazi yake yote na uzito wake wote, kisha inaingiza ndani yake mtu mmoja asiyefaa kuwemo. Ukikichora kitu hicho kikiwa kimepinda tangu mwanzo, hakuna cha kuanguka, na kicheko ni kuanguka kwa kilichosimama.

Tazama Boris na Sonja wanapobishana kuhusu Mungu, wajibu, na kama mauaji yanaweza kuhalalishwa. Sentensi zao ni ndefu, zimejaa maneno ya falsafa, zinapanda na kushuka sawasawa na zinavyofanya katika riwaya za Kirusi. Ukiziba masikio usisikie maneno bali ufuate nyuso tu, utadhani unatazama tamthilia nzito. Keaton hapepesi jicho. Anatamka upuuzi kwa sauti ya mtu anayetoa siri ya roho yake, na pale hoja inapokaribia kilele inatumbukia kwenye jambo dogo kabisa, kama ngano. Ngano! Katika vitabu vya Warusi shamba la ngano hubeba roho ya taifa zima. Hapa limebaki ngano, lakini mhusika analitazama kwa macho yaleyale ya taifa zima. Ni kazi ngumu sana kwa mwigizaji. Akitabasamu mara moja tu, jengo lote limeporomoka. Watu wengi humsifu Allen kwa filamu hii. Mimi naamini nusu ya sifa ni ya Keaton, kwa sababu yeye ndiye anayeushika uzito ili Allen apate pa kuteleza.

Nilipoelewa hilo, nilirudi kwenye Vioja Mahakamani kwa jicho jipya. Waandalizi wa kipindi kile walijua kanuni hiyohiyo bila kuhitaji Mrusi yeyote. Mahakama yao ilikuwa mahakama kweli. Kizimba kipo, hakimu yuko mahali pake, kiapo kinaapwa, mashtaka yanasomwa kwa lugha ya sheria. Gibson Mbugua, kiongozi wa mashtaka, aliuliza maswali yake kwa ukali wa mtu ambaye kazi yake inategemea jibu. Hakuna hata mara moja ambapo mahakama yenyewe ilijichekesha. Ndipo mshtakiwa alipopanda kizimbani na maelezo yake ya kuku aliyeingia mwenyewe ndani ya gunia, tukaanguka sakafuni. Mahakama ile ingekuwa ya mchezo, yule mshtakiwa angekuwa mtu anayesema uongo tu.

Na Vitimbi je? Mzee Ojwang' aliigizwa na Benson Wanjau, aliyefariki Julai 2015. Wanjau alikuwa Mkikuyu, na kwa miongo kadhaa aliongea Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo kwa ukamilifu hivi kwamba wengi waliomtazama kila wiki waliamini ni mwana wa ziwani. Fikiria kazi iliyomo humo. Kuiga lafudhi kwa dakika mbili ni rahisi, kila mlevi wa mtaani anaweza. Kuiga ili kuwakejeli wenye lafudhi yao pia ni rahisi, na huumiza. Wanjau aliishi ndani ya lafudhi ile kwa upendo, akaipa mwili wake, hasira yake, aibu zake mbele ya Mama Kayai, ambaye ni Mary Khavere, mpaka ikawa ya mtu mzima kamili. Huko ndiko kuiga kunakofika kunapofanywa na fundi: anayeigwa hucheka kuliko wote. Allen aliwatendea Warusi vivyo hivyo. Huwezi kutunga maongezi yale ya korokoroni bila kuwa umeviishi vitabu vile, umevipenda, umekesha navyo.

Na Warusi wenyewe hawakumngoja Mmarekani awafundishe kujicheka. Jambo hili mwalimu wetu alilisisitiza sana, na ndilo lililomfanya atuletee kanda ile. Alikuwa amefundisha tamthilia ya Nikolai Gogol, ile ambayo Christon Mwakasaka aliitafsiri kwa Kiswahili kwa jina Mkaguzi Mkuu wa Serikali. Ilionyeshwa mara ya kwanza Saint Petersburg mwaka 1836, Tsar Nikolai wa Kwanza akiwa ukumbini. Kisa chake ni chepesi kusimulia. Viongozi wa mji mdogo, wala rushwa kuanzia wa juu hadi wa chini, wanapata fununu kwamba mkaguzi anakuja kwa siri. Katika hofu yao wanamdhania kijana mmoja mfujaji, aliyekwama kwenye nyumba ya wageni kwa kukosa pesa za kulipa, kuwa ndiye mkaguzi. Wanamkirimu, wanamkopesha fedha ambazo hawategemei zirudi, meya anataka kumwoza binti yake.

Mtu aliyekulia Eastlands, mitaa ya mashariki ya Nairobi, hahitaji kuelezwa hofu hiyo. Sisi tunaijua kwa upande wa pili: mlio mmoja wa "kanjo!", yaani askari wa jiji wamefika, na nguo za mchuuzi zilizotandazwa chini zinakuwa furushi mgongoni kabla hujageuka. Raha ya Gogol ni kwamba anaihamisha hofu ya mchuuzi na kuiweka kifuani mwa meya. Ndiyo maana wanafunzi walioiigiza tamthilia ile shuleni hawakuona shida kuwavika wahusika wake suti za madiwani wa Nairobi. Mbegu hiyo ilikuwa na udongo hapa. Mstahiki Meya ya Timothy Arege, iliyowahi kutahiniwa shuleni, inatembea katika njia za mji wa namna hiyo, ingawa kwa miguu yake yenyewe.

Lakini mimi namhusudu Gogol zaidi kwa mwisho wa tamthilia yake. Baada ya barua ya yule kijana kufunguliwa na ukweli kujulikana, askari anaingia na kutangaza kwamba mkaguzi wa kweli amewasili. Kila mtu jukwaani anaganda kama alivyo, mmoja mikono hewani, mwingine mdomo wazi, na Gogol aliandika maelekezo kwamba wakae hivyo karibu dakika moja na nusu kabla pazia halijashuka. Dakika moja na nusu ya kimya katika kichekesho! Jaribu kuihesabu ukiwa ukumbini. Sekunde kumi za kwanza watu wanacheka. Ishirini, wanaacha. Thelathini, wanaanza kutazamana. Ikifika dakika, kila mmoja amebaki na mambo yake. Nimeona vikundi vya uigizaji vikiikata hadi sekunde tano kwa kuogopa kuwachosha watazamaji, na kila wanapofanya hivyo wanatupa kile ambacho tamthilia nzima ilikuwa ikikitafuta.

Allen aliujua uzito wa muda vilevile, ingawa yeye alikwenda upande wa pili, upande wa wepesi. Ralph Rosenblum, aliyeihariri filamu hiyo, amesimulia kwamba mwanzoni walijaribu kuiwekea muziki wa Stravinsky, na muziki ule ukawa mzito mno, ukizikandamiza picha. Wakaugeukia wa Prokofiev, na filamu ikafufuka. Ukitaka kuamini, tazama pale gari la theluji la muziki ule linapoanza kukimbia, kengele zikilia, na ghafla hata tukio la vita linapata miguu ya kucheza.

Hapa ninaomba msomaji anivumilie kidogo, maana nimefika kwenye kitu kinachonifurahisha kuliko vyote. Muziki huo unatoka wapi? Prokofiev aliutunga kwa ajili ya filamu ya Kisovieti ya mwaka 1934 iitwayo Luteni Kijé, iliyotokana na hadithi ya Yuri Tynyanov. Ni kisa cha enzi za Tsar Paulo. Karani anakosea kuandika kwenye orodha, na kosa lake linamzaa luteni ambaye hayupo. Kwa kuwa Tsar ameshaliona jina, hakuna anayethubutu kumwambia kwamba mtu huyo si mtu. Basi Kijé anaadhibiwa, anapelekwa Siberia, anasamehewa, anaoa, anapandishwa cheo, na mwishowe anafariki kwa heshima, bila kuwahi kuwa na mwili. Kwa maneno yetu ya leo, ni mfanyakazi hewa. Watanzania walioisikiliza serikali yao ikiwasaka watumishi hewa mwaka 2016, na Wakenya wanaosoma kila mara kuhusu mishahara ya watu wasiokuwapo, wangeketi mbele ya filamu hiyo bila mkalimani. Kwa hiyo wimbo unaoibeba dhihaka ya Allen ulikuwa tayari umebeba dhihaka ya Warusi kuhusu Warusi. Hakuuchukua kwa sababu ya utamu tu. Au labda aliuchukua kwa utamu, na ukaja na ukoo wake wote. Kwa vyovyote, sikio linacheza na akili inapewa zawadi.

Kuna mzaha mwingine ambao Muthurwa iliupokea kwa namna yake. Baba yake Boris anamiliki ardhi, na ardhi yenyewe ni kibonge cha udongo wenye nyasi anachotembea nacho ndani ya koti. Anawaonyesha watu kwa fahari. Anatumaini siku moja atajenga juu yake. Wamarekani nadhani walicheka kwa sababu ya ukubwa wa mashamba katika riwaya za Kirusi, yale mashamba ya mabwana yanayopotea kwa madeni, kama bustani ya micheri katika tamthilia ya Chekhov ya mwaka 1904. Katika chumba chetu cheko lilikuwa la namna nyingine. Wazee waliokuwa wametazama kwa kutusindikiza tu walikaa wima. Walikuwa watu wa karakana na wa stesheni, waliolala maisha yao yote katika nyumba ya mwajiri na kuota ploti: nusu ya robo ekari Kayole, kipande Ruai, karatasi ya hisa ya kampuni ya kununua ardhi iliyokunjwa na kuhifadhiwa ndani ya Biblia. Mzee mmoja alisema, "Huyo mimi namjua," akakohoa, akanyamaza. Filamu iliyotungwa na mtu wa New York kuhusu Urusi ya Napoleon ilikuwa imemgusa fundi wa reli mfukoni mwa koti. Sidhani Allen alikusudia hivyo. Lakini mzaha uliochongwa kwa uangalifu huwa na makali kila upande, na hukata hata mahali ambapo mchongaji hakufika.

Ufundi wa mwisho nitakaoutaja ni wa kifo. Jina la filamu linakitaja, na mtunzi hakikwepi. Mwaka 1849 Dostoevsky mwenyewe alisimamishwa uwanjani Saint Petersburg pamoja na wenzake, hukumu ya kifo ikasomwa, bunduki zikaelekezwa kwa watatu wa kwanza, ndipo mjumbe akaja na msamaha wa Tsar. Tukio hilo lilibadilisha maisha yake na riwaya zake. Allen analichukua moja kwa moja. Malaika anamjia Boris korokoroni na kumwahidi kwamba atasamehewa dakika ya mwisho. Boris anatembea kwenda kuuawa akiwa na moyo mwepesi, karibu anapiga mluzi. Na wanampiga risasi. Hakuna mjumbe. Anarudi kuagana na Sonja dirishani akiwa maiti, akilalamika kwamba amedanganywa, kisha anaondoka akicheza ngoma na Mauti mwenye mundu mrefu kando ya miti, kwa mapigo yaleyale ya Prokofiev.

Sisi tulikuwa vijana na tulikuwa tumezika watu, kwa hiyo kimya kiliingia chumbani, kisha kicheko kikarudi kikiwa kimebadilika sauti. Miaka mingi imepita na bado sijaona filamu nyingine iliyoweza kutucheza hivyo: kutupa tumaini la kitabu tunachokijua, kulichukua, na kutuacha tukicheza badala ya kulia. Anayejua historia ya Dostoevsky huumia zaidi, kwa sababu anangoja yule mjumbe. Asiyeijua humngoja pia, maana malaika ameahidi. Zile ghorofa nilizozitaja zinakutana hapa, na watazamaji wote wanasimama mahali pamoja.

Kwa nini basi hatuna kazi ya namna hii katika Kiswahili? Nimelifikiria swali hili sana, na sioni kizuizi cha kweli. Dhihaka ya fasihi inahitaji kwanza umma uliosoma vitabu vilevile, na katika hilo Kenya imebarikiwa kuliko Marekani. Allen alibahatisha kwamba watazamaji wake wamesoma Warusi. Kenya, kwa sababu ya vitabu teule vya mtihani, ina vizazi vizima vilivyosoma riwaya moja, tamthilia moja na diwani moja, kuanzia Lodwar hadi Lunga Lunga, vikakariri wahusika na kuvijibia maswali ya alama ishirini. Wanafunzi wenyewe tayari wanacheza mchezo ule wa Boris na baba yake. Nimewasikia ndani ya matatu ya Jogoo Road: "Umemwona yule kigogo? Kidagaa kimemwozea." "Tumbo lisiloshiba hilo." "Mkewe je?" "Ni utengano, ndugu yangu. Amebaki na kilio cha haki." "Atapata siku njema." "Akiipata, litakuwa chozi la heri." Hawakufundishwa na mtu. Ni vitabu vimelala midomoni mwao vikingoja mtunzi.

Nilipoyasikia maneno hayo nilimkumbuka Ken Walibora, mtunzi wa Siku Njema na Kidagaa Kimemwozea, aliyegongwa na matatu Aprili 2020 katika barabara ya Landhies, ubavuni mwa Muthurwa yetu. Barabara hiyo tuliivuka kila siku tukienda shule. Sijui heshima gani kubwa kwa mwandishi kuliko majina ya vitabu vyake kuwa lugha ya utani ya watoto waliomsoma. Ngũgĩ wa Thiong'o aliimalizia Petals of Blood, iliyotoka 1977, katika nyumba ya waandishi wa Kisovieti huko Yalta. Kwa hiyo hata njia kati ya fasihi yetu na ya Warusi imeshakanyagwa zamani na nyayo nzito. Kinachobaki ni kuikanyaga tukicheka.

Ninawaambia waandishi vijana wa jukwaa na wa filamu, hasa wale wa Eastlands. Msianze kwa kuvidharau vitabu mlivyolazimishwa kusoma. Visomeni tena, polepole, bila mtihani, mpaka mjue mwandishi anapumua wapi na anachoka wapi. Mwacheni mhusika mkuu na machozi yake, mwacheni kiongozi dhalimu na hotuba yake ndefu, msipunguze hata neno. Kisha mwingizeni mtu wetu mmoja, mwenye furushi mgongoni, aliyepotea njia akitafuta basi la Machakos. Mpeni sababu ya kusema kweli. Ukumbi wa Kaloleni uko, waigizaji wako, na wasomaji mamilioni wamekwisha fanya kazi yao ya nyumbani. Tuandikieni.